Mchungwa Aliousimamia Adada

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nyumbani kwetu Kiwanjani miti ilihesabiwa pamoja na mbuzi. Bibi yangu, ambaye tulimwita Akko kama Waborana wanavyowaita bibi zao, alitoka kila asubuhi na fimbo yake akazunguka ua. Alihesabu mbuzi kwanza, kisha mipera, kisha milimau, na mwisho mchungwa uliosimama peke yake karibu na tangi la maji. Mti uliompendeza aliupa jina la ng'ombe. Mpera mkubwa wa mlangoni ulirithi jina la ng'ombe wake mwekundu wa kule Merti, aliyekufa na wenzake wote katika ukame uliomhamishia Akko mjini. Hakuwa mkulima hata kidogo. Miti hiyo aliikuta imeshapandwa kwenye kiwanja alichonunua marehemu babu, na kwa kuwa alijua kulea mifugo tu, aliilea miti kama mifugo.

Hapo ndipo alipogombana na Baba Kinoti. Huyu alikuwa jirani yetu, Mmeru mwenye maneno mengi na kofia ya sufu isiyovuliwa hata jua likiwaka, muuza miche ambaye pia alipogoa miti ya watu. Baba yangu alimwita siku moja aje apunguze matawi ya mpera. Akko alipomwona juu ya mti na msumeno, alimsimamia chini na fimbo.

"Wewe, nani alikwambia ng'ombe ukimkata mguu anaongeza maziwa?"

"Shosho," alijibu, akimaanisha bibi, "hii si ng'ombe. Hii ni mpera. Ukiikata vizuri inakuambia asante."

Mapera ya msimu uliofuata yalikuwa makubwa kuliko ngumi yangu. Akko hakuomba radhi, hiyo haikuwa tabia yake, ila alimpelekea Baba Kinoti beseni zima la mapera, na mwaka uliofuata alimwita mwenyewe. Nilipoanza kupata akili, siku ya kupogoa ilikuwa imeshakuwa sherehe ya nyumba. Mbuzi walifunguliwa wale majani, sisi watoto tukaokota vijiti vya kuni, na Akko akaonyesha kwa fimbo tawi lipi litoke na lipi libaki, kana kwamba kazi hiyo ameivumbua yeye.

Mchungwa peke yake ndio uliokuwa na neno. Ulikuwa mti mzima, mrefu, wenye majani meusi ya kung'aa, na miba yake ilijulikana na kila mpira uliowahi kupotelea humo. Lakini haukuzaa. Hata ua moja sikuwahi kuliona. Akko aliuita tasa, na kwa Akko ng'ombe tasa alikuwa na njia mbili tu: aende kwa mchinjaji, au apatikane mtu wa kumsimamia. Ilikuwa hivi. Mwenye ng'ombe anakuja na kisu, anamwambia ng'ombe makosa yake mbele ya watu, kisha anauliza kama kuna anayemsimamia. Mtu akisema "mimi", kisu kinarudishwa, na tangu hapo ng'ombe huyo haguswi mpaka azae au msimamizi wake ajitoe. Nimeuliza wazee wawili kama hiyo ni desturi ya Waborana wote au ya ukoo wa Akko tu. Mmoja alicheka sana, na mwingine aliniambia ndiyo, kabisa, kana kwamba nimeuliza kama jua hutoka mashariki.

Mwaka mmoja katika miaka hiyo, Adada alirudi nyumbani. Adada ni shangazi. Jina lake ni Talaso, dada mdogo wa baba, na alikuwa ameolewa mbali, Sericho, na mtu mwenye ngamia wengi. Alishuka kwenye lori akiwa na sanduku moja na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amekaa na mume miaka mingi bila mtoto, na mume ameoa mke wa pili. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu amekuja kupumzika, na mama akampa kitanda katika chumba changu.

Wanawake wa mtaa walikuja kumsalimu. Salaam aleikum zilikuwa nyingi, na baada ya kila salaam lilifuata swali. Umekuja kukaa siku ngapi? Mume hajambo? Na huyo mwenzako tayari ana mimba? Adada aliwamiminia chai na kutabasamu, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Mimi nilikuwa na furaha tupu. Alinisuka nywele vizuri kuliko mama, alijua kucheka bila kutoa sauti mpaka machozi yakamtoka, na alinisikiliza nikisimulia mambo ya shule kama vile ni habari za redio.

Ijumaa moja baada ya swala, wageni wakiwa bado wamejaa barazani, Akko alimwambia baba alete shoka. Baba yangu ni mtu mpole ambaye hajawahi kumshinda mama yake kwa hoja yoyote, akalileta. Tulimfuata wote mpaka kwenye mchungwa.

"Huyu anakunywa maji yangu," Akko alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Anakula samadi yangu. Ananenepa. Hajanipa kitu. Mkate."

Baba alinyanyua shoka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka ardhi impasukie.

"Kuna mtu anamsimamia?"

Nilifungua mdomo niseme mimi, kwa sababu nilidhani huo ni mchezo na mimi ni hodari wa michezo. Fimbo ya Akko ikatua juu ya vidole vya mguu wangu, si kwa nguvu, lakini nilielewa. Alikuwa akimtazama Adada.

"Talaso?"

Adada alinyanyua kichwa polepole. Akamtazama mama yake kwa muda, kisha akautazama mti.

"Mimi nasimamia yeye," alisema.

Akko akageuka akawakabili wageni. "Mmesikia wote. Talaso amesimamia huu mti. Mpaka uzae, hatoki hapa. Chuma isiuguse. Chuma ikigusa mti, damu itatoka kwa Talaso. Na siku utazaa, tutajua tumbo yake pia imefunguka, na mimi mwenyewe nitampeleka Sericho na heshima yake."

Wanawake waliitikia, na wengine walimwombea dua hapohapo. Mimi nilibaki na neno moja tu, damu. Tangu siku hiyo sikutaka chuma chochote kiukaribie mchungwa. Niliondoa jembe lililoegemezwa pale. Nilificha hata kisu cha jikoni mama alipokaa karibu na tangi kukata sukuma wiki, nikapigwa kofi, na sikujali.

Baada ya hapo mashemeji wawili walikuja kutoka Sericho kwa pikapu. Walikuja na ujumbe mrefu uliozungushwa kwa adabu, lakini mwisho wake ulikuwa mfupi: mke mdogo anakaribia kujifungua, nyumba inataka mikono, Talaso arudi. Niliviona vidole vya Adada vikizungusha bangili mkononi, vikizungusha bila kukoma. Akko aliwapa chai ya maziwa ya ngamia, akasikiliza mpaka wakamaliza.

"Ningewapa leo," alisema. "Lakini amesimamia mti."

Akawaonyesha. Wale walikuwa wafugaji, watu wa kulala na mifugo tangu utoto. Walitazama mchungwa, wakatazamana, wakauliza ulisimamiwa mbele ya nani, wakatajiwa majina. Walikunywa chai wakaondoka. Watu wa mjini pengine wangemcheka Akko. Wao hawakuweza.

Basi tukaanza kungoja. Akko aliuhudumia mchungwa ule kwa mikono yake. Maji ya mtaa yalipokatika, na sisi tukioga kwa kikombe, mchungwa ulipata mtungi asubuhi na mwingine jioni. Samadi ya mbuzi yote ilienda kwake. Mama alinung'unika kwamba afadhali angezaliwa mchungwa. Mti ulizidi kunenepa na kuwa mweusi, matawi mapya yakapanda wima kama fito za nyumba, ndani ukawa na giza. Maua hakuna.

Kila jambo la Adada lilipata jibu moja. Alikuwa na rafiki sokoni mwenye kibanda cha kushona, akajifunza cherehani kwake, na siku moja rafiki huyo alimwambia aje wakae pamoja, sare za shule ni nyingi, mkono mmoja hautoshi. Adada alirudi nyumbani anang'aa. Akko alimsikiliza, kisha akasema, "Na mti ukizaa kesho? Tungoje mti." Alipotaka kwenda kwa kadhi kuuliza habari ya talaka, jibu lilikuwa lilelile. Tungoje mti. Mwanzoni Adada aliitikia. Baadaye akawa anaondoka tu na kuingia chumbani kwetu, na mimi namfuata.

"Adada, utapata mtoto," nilimwambia.

"Nikipata nitaenda naye Sericho, na wewe nitakuacha."

Tangu hapo nilimwomba Mungu mambo mawili yasiyokubaliana kwa pumzi moja, mti uzae na mti usizae, na nadhani kwa muda mrefu Mungu aliamua kuniacha nijipange kwanza.

Misimu ilipita hivyo. Adada alikonda. Alikuwa ameshajua kushona kila kitu na hakuwa na pa kushonea. Nguo zetu wote nyumbani zilikuwa zimepunguzwa, zimeongezwa, zimefumuliwa na kushonwa upya, hata mapazia.

Kisha ikafika tena siku ya Baba Kinoti. Alipogoa mipera, akapogoa milimau, halafu akasimama mbele ya mchungwa akiwa amejishika kiuno.

"Na huyu mnene?"

Akko alinyanyua fimbo, naye akacheka akaenda barazani kunywa chai na baba. Msumeno aliuacha umening'inia kwenye tawi la mlimau. Mimi nilikuwa naburuta majani kwa mbuzi. Nilimwona Adada akitoka jikoni na mikono yenye maji. Alijifuta kwenye dera, akaikunja dera hiyo na kuifunga kiunoni, akachukua msumeno, akapanda juu ya pipa lililopinduliwa, na kutoka hapo akaingia ndani ya mchungwa.

Sauti ya kwanza ya msumeno kwenye mti ule ninaisikia hadi leo. Nilikimbia nikaukumbatia mguu wake.

"Adada, utakufa!"

"Wacha mguu, mama. Nitaanguka, hapo ndio nitakufa kweli."

Tawi la kwanza lilianguka. Adada hakuwa na glavu wala mikono mirefu, na mchungwa mzee hauna huruma. Mwiba ulimchana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, na damu ikatiririka ikadondoka juu ya majani, mbele ya macho yangu. Akko alikuwa amesema, na sasa ilikuwa imekuwa. Nilipiga mayowe yaliyotoa watu majumbani.

Baba alikuja mbio. Baba Kinoti alikuja nyuma yake na kikombe bado mkononi, na aliyoyaona hayakumshtua hata kidogo, yalimchangamsha.

"Hapo kwa shingo ya tawi, karibu! Usiache kisiki! Ile imekauka, toa. Ile inapanda juu wima, hiyo ni mwizi, hiyo inakula chakula ya wenzake, toa!"

"Nyamaza wewe," baba alimwambia.

"Lakini anakata vizuri," alisema Baba Kinoti.

Akko alikuwa amesimama tu. Sikumwona akinyanyua fimbo. Adada alikata mpaka katikati ya mti pakafunguka na jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu nizaliwe. Ndipo alipotulia, akashika tawi, mikono yake yote miwili imechafuka damu na vumbi la mti. Nyumbani tulizungumza Kiborana. Maneno haya aliyasema kwa Kiswahili, nadhani ili kila mtu aliyefika kwa mayowe yangu asikie.

"Mama. Mimi natoka kwa hii mti. Isimame yenyewe. Na hata ikizaa kesho, mimi siendi Sericho. Nakaa hapa, nishone. Ama utanifukuza?"

Akko aliketi chini. Hakutafuta kiti, aliketi palepale kwenye matawi na miba, mbuzi wakila majani pembeni yake, akafunika uso kwa ushungi. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilijua tumemuua. Nilijua pia kwamba atakayefuata ni Adada, na kwamba mimi nitabaki na Baba Kinoti.

Mwishowe Akko alifunua uso.

"Shuka," alisema. "Uoshe hiyo damu."

Lakini hakumwacha aoshe mwenyewe. Alimketisha juu ya pipa, akamwosha mikono kwa maji ya tangi, akatoa miba mmoja mmoja kwa kucha zake, na aliendelea kuipapasa mikono ile muda mrefu baada ya miba kwisha. Baba Kinoti alirudi kumalizia chai yake.

Adada hakufa. Nilimchunguza wiki nzima, nikimwamsha usiku kuhakikisha, mpaka alipotishia kunihamishia kwa mbuzi. Alienda kwa kadhi, na Akko alifuatana naye amevaa nguo zake za Idi. Talaka ilipatikana. Baada ya hapo Adada alienda sokoni kwa rafiki yake, na watoto wengi wa mji huu wamesoma wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Hakuolewa tena, na hakuzaa.

Akko naye hakuupa mchungwa tone la maji tangu siku ile. Mitungi ilienda kwa mipera, ikaenda jikoni, hata sisi tukaoga vizuri. Mama alisema amenuna. Mimi pia niliona hivyo, na niliuonea mti huruma ulipojikunja majani wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza zilipita bila kitu. Zile zilizofuata zilipofika, asubuhi moja tuliamshwa na harufu, na tulipotoka tuliona mchungwa umejaa maua meupe, na nyuki wameshatutangulia.

Majirani walikuja mbio. Machungwa yalipoiva, mmoja wao alimshika Akko mkono kwa furaha. "Mama, Talaso naye sasa karibu! Si ulisema?"

"Mti umezaa machungwa," Akko alisema. "Talaso anashona. Kila mtu na kazi yake."

Nilikua nikiamini kwamba hiyo ni hadithi ya mzee mkaidi aliyeshindwa na bintiye. Niliisimulia hivyo chuoni, niliisimulia hivyo kwa mume wangu, na watu walicheka panapostahili. Kisha Akko akafariki. Baba Kinoti alikuja kutupa pole, sasa ameshazeeka, kofia ni ileile au ndugu yake. Tulikaa uani tukizungumza habari za marehemu, na katikati ya kucheka alisema, "Lakini ule mchungwa, nilimwambia Shosho mapema sana. Kabla hata shangazi yenu hajarudi. Nilimwambia, machungwa ukiinywesha hivyo haitazaa. Inataka ione kiu kidogo, ishtuke, ndio itoe maua. Na ikatwe katikati, jua iingie."

"Na alisema nini?"

"Wakati ule alisema atajaribu. Halafu shangazi yenu akakuja, nikaona maji imekuwa mingi zaidi. Nikamwambia tena. Akasema, 'Najua, Baba Kinoti. Wewe nyamaza.'"

Nilimwacha uani nikaenda kumtafuta Adada. Alikuwa chumbani, anashona kanzu ya mjukuu wa mtu kwa sindano ya mkono, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure hata kwenye msiba. Nilimwambia niliyoyasikia. Alikata uzi kwa meno.

"Mama yangu alilea ng'ombe tangu azaliwe," alisema. "Hakujua mnyama ukimnenepesha sana hashiki mimba? Alijua. Na mimi nilijua anajua, mwaka wa kwanza tu."

"Kwa nini basi ulingoja?"

Alikunja kanzu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mtu anifiche kidogo. Akanificha." Akapenyeza uzi mwingine kwenye sindano. "Halafu nikapona. Lakini yeye alikuwa bado anachota maji kila siku, mzee wa watu. Ningemwambiaje?"

Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Akko hakuwa na uwezo juu ya mume wa Sericho wala juu ya ndimi za mtaa. Angesema tu "simrudishi binti yangu", wangekaa vikao mpaka wamchoshe. Kwa hiyo aliwapa kitu ambacho wao wenyewe waliogopa kukigusa, na akakinywesha kwa mikono yake kisije kikazaa. Sijui kama mwenyewe aliamini habari ya damu. Nadhani aliamini kiasi, kwa sababu nilimwona akiitafuta miba kwenye mikono ile. Mabega yale yaliyotikisika nilidhani ni kilio cha mtu aliyevunjiwa mwiko, kumbe alikuwa amesikia binti yake akisema anabaki, akajua kwamba sasa anaweza kuutua mtungi.

Sasa mimi ni mama, nina binti. Mambo ya kuogopa miti nimeyaacha, nimesoma, najua kwa nini mchungwa hutoa maua. Lakini siku binti yangu akishuka kwenye gari na sanduku moja na hataki kuulizwa maswali, sijui nitapata wapi mti wa kumpa ausimamie.